Tarong na Nyansongo

Kasini yangu alinitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane. Alikuwa ananong'ona, na nyuma yake mashine ya kupoza hewa ilikuwa inanguruma kama kinu cha kusagia mahindi. "Bro," akasema, "kwani hawa Wafilipino nimewakosea nini?"

Ni binti wa mama yangu mdogo, mzaliwa wa Itumbe, huku kwetu Kisii, ambako ukitaja jina la mahali watu hufikiria kiwanda cha chai kabla hawajafikiria watu. Bonasi ya majani chai ndiyo iliyolipia nusu ya safari yake. Nusu nyingine ni deni. Yuko Doha, kampuni ya usafi, anapiga deki korido za hospitali, na analala bwenini kwenye chumba cha vitanda vinne. Vitanda vitatu ni vya dada kutoka Ufilipino. Kabla ya kuondoka alipitia mafunzo Nairobi: mashine ya kufua, pasi ya mvuke, salamu za Kiarabu, namna ya kukunja shuka. Hakuna aliyemwambia kwamba Waarabu wenyewe atawaona kwa mbali tu, na kwamba watu wa kulala nao, kula nao na kugombania bafu nao watakuwa Wafilipino.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Jioni moja, mwezi wa pili wa kuwa huko, mmoja wa wale dada alifungua kontena lake la chakula, wali na samaki wa kukaushwa, akainua macho akamwambia, "Kain tayo." Yaani, tule. Sasa mtoto wa Itumbe ukimwambia tule atafanya nini? Kwetu ukikuta watu wanakula unanawa mikono. Ukikataa, wenyeji wanaanza kujiuliza unaogopa nini ndani ya sahani, na Kisii hilo si swali dogo. Kasini akaketi, akala, tena akala vizuri ili kuonyesha shukrani. Akamaliza karibu nusu. Dada wa watu hakusema kitu. Alitabasamu. Wenzake pia wakatabasamu.

Kumbe maneno hayo ni adabu. Mfilipino akiwa anakula na mtu akapita, lazima amkaribishe, hata kama chakula ni kijiko kimoja, na anayekaribishwa naye lazima ajibu kwamba ameshiba, amekula sasa hivi, asante. Akibembelezwa mara ya pili na ya tatu, hapo ndipo ajue mwaliko ni wa kweli. Ile ilikuwa chakula cha zamu ya usiku. Dada alienda kazini na njaa.

Halafu wiki iliyofuata akaongeza la pili. Mtu aliacha nywele kwenye sinki, na kasini, kwa ile sauti yetu ya Kisii ambayo hata ikisalimia inasikika kama inagombana, akauliza mbele ya wote ni nani huyo anayenyoa simba bafuni. Alidhani ni utani. Tangu siku hiyo chumba kikanyamaza.

Mimi ndiye niliyesomea historia chuoni, kwa hivyo katika familia yetu mimi hujibu maswali yote, kuanzia mpaka wa shamba hadi tabia za Wafilipino. Nilimwambia nitamtafutia. Nilikuwa nadanganya, sikujua lolote. Lakini asubuhi, nikiwa ndani ya matatu, nikakumbuka kitu nilichokiona maktabani mwaka wa tatu: kitabu chembamba cha mwaka 1966 kinachoitwa Nyansongo, kuhusu Wakisii, na pembeni yake kwenye rafu, kwa ukubwa uleule na mwaka uleule, kitabu kingine kinachoitwa Tarong. Kuhusu kijiji cha Ufilipino.

*

Kwa nini vitabu hivyo ni mapacha? Katikati ya miaka ya 1950 kikundi cha wasomi wa Marekani, John Whiting wa Harvard, Irvin Child wa Yale na William Lambert wa Cornell, walipanga utafiti wa aina yake. Walitaka kujua kama namna mtoto anavyolelewa ndiyo inayomfanya mtu mzima awe alivyo. Wakachagua jamii sita: Nyansongo huku Kisii, Tarong, kijiji cha Waiilocano kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, mtaa wa Wamixteko wa Juxtlahuaca, Mexico, Taira huko Okinawa, Khalapur kaskazini mwa India, na mji mmoja wa Marekani kwenyewe uliopewa jina la Orchard Town. Kila mahali ikaenda timu, mara nyingi mume na mke. Kwa Wakisii walikuja Robert LeVine na Barbara LeVine, waliokaa tangu 1955 hadi 1957. Tarong walikwenda William na Corinne Nydegger. Ripoti zote sita zikatoka pamoja mwaka 1963 katika Six Cultures, kitabu kinene kilichohaririwa na Beatrice Whiting, na miaka mitatu baadaye kila jamii ikapewa kitabu chake.

Na walipewa mwongozo wa kazi, manake hiyo ndiyo sehemu iliyonichekesha. Ulichapishwa baadaye, lakini ulikuwa mikononi mwao tangu mwanzo: muulize mama hivi, hesabu vile, angalia nani analala na mtoto, nani anamwachisha ziwa, mtoto akilia nani anakimbia. Watoto wa miaka 3 hadi 11 walifuatwa na daftari, dakika tano tano, na kila walichofanya kikaandikwa. Yaani mwaka 1956 kuna mtoto wa Kisii aliyekuwa anachunga ng'ombe huku mtu mzima anamwandika alivyompiga mwenzake, na kule Luzon kuna mtoto wa Ilocos aliyeandikwa alivyombeba mdogo wake. Hawakuwahi kusikiana. Wakakutana kwenye jedwali.

Hilo jedwali lina habari. Mwaka 1975 akina Whiting walipotoa uchambuzi wao wa mwisho, Children of Six Cultures, watoto wa Nyansongo, Tarong na Juxtlahuaca waliangukia upande mmoja. Walikuwa watoto wa kusaidia, wa kutoa, wa kubeba jukumu. Wa Orchard Town, Khalapur na Taira waliegemea upande wa pili: kuomba kusaidiwa, kutaka kutazamwa, kujifanya mabosi. Sababu waliyoiona haikuwa damu wala dini. Ilikuwa kazi. Nyansongo mama analima shamba mwenyewe, ana watoto wengi, mume mara nyingi ameenda kutafuta kibarua, kwa hivyo msichana wa miaka sita au saba anakabidhiwa mtoto mchanga mgongoni. Kwa Ekegusii huyo anaitwa omoreri, na mwenye sikio atasikia neno letu mlezi humo ndani. Tarong pia, mtoto aliyejua kutembea vizuri tayari alikuwa na mtu wa kumwangalia.

Magokoro wetu alikuwa omoreri. Hajawahi kusikia kuhusu Harvard. Nilipomsimulia aliuliza kama hao wazungu waliwahi kuwasaidia watoto kubeba maji, au walikuwa wanaandika tu.

*

Swali la magokoro linanirudisha nyuma, kwa sababu Wakisii walikuwa na njia yao ya kuishi na mgeni kabla ya yeyote kuja na daftari.

Mgeni wa siku mbili ni omogeni, na huyo analishwa tu. Lakini mtu aliyekuja kukaa, aliyekimbia njaa au ugomvi kwao, aliyekuja kwa wakwe au kwa rafiki, huyo aliitwa omomenyi, wengi wao abamenyi, kutoka neno la kukaa mahali. Alipewa pa kulima chini ya ukoo wa mwenyeji. Alijenga, alipigana vita vya wenyeji, watoto wake walioa hapo. Baada ya vizazi viwili vitatu huwezi kumtofautisha kwa macho. Lakini ukoo ulikumbuka. Ardhi ilipobana, na kufikia miaka ya 1940 ilikuwa imebana, wajukuu wa wakaaji hao walianza kukumbushwa kwamba babu yao alikuja na fimbo tu. Philip Mayer, msomi aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kama mwanasosholojia wake, akaandika habari zao miaka hiyo. Aliandika pia kuhusu mahari, kitabu kizima mwaka 1950, kwa sababu serikali ilikuwa inaumwa kichwa na kesi za ng'ombe wa mahari na ilitaka mtu wa kuieleza hawa watu wanafikiri vipi.

Ndiyo kusema, maelezo ya kwanza ya "namna ya kuishi na Wakisii" yaliandikwa kwa ajili ya mtu wa kutawala. Na ukitaka kujua kwa nini alihitaji maelezo, rudi mwaka 1908.

Geoffry Northcote alikuja kufungua kituo cha serikali Kisii mwaka 1907, miaka miwili baada ya msafara wa kwanza wa kijeshi kupita huku na kuua. Wenyeji wakamwita Nyarigoti, na mji ukaitwa Bosongo, kwa wazungu. Alidai kodi, alichukua ng'ombe wa watu. Januari 1908 kijana wa Kitutu, Otenyo, akamchoma mkuki mgongoni, na historia yetu inasema nyuma ya mkuki huo kulikuwa na maneno ya Moraa, mwanamke aliyewauliza vijana kama wao ni wanaume kweli. Northcote akapona. Wakisii hawakupona: jeshi lilichoma nyumba, likachukua maelfu ya ng'ombe, likaua zaidi ya watu mia moja, hadi Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni pale London, akauliza kwa nini watu wasio na kinga wanaendelea kuuawa kiasi hicho. Otenyo aliuawa, na mpaka leo kuna watu Kisii wanaodai kichwa chake. Nyarigoti naye aliendelea na kazi, akapanda vyeo, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong, ng'ambo tu ya bahari kutoka Luzon. Dunia ni ndogo kwa wengine.

Baada yake wakaja wamisionari, Wakatoliki wa Mill Hill pale Nyabururu mwaka 1911, Wasabato pale Nyanchwa mwaka uliofuata. Wao angalau walilazimika kujifunza lugha, na ndani ya lugha kulikuwa na mtego ambao hadi leo unanasa walimu wanaohamishiwa kwetu kutoka Pwani. Kwa Ekegusii, tata ni baba. Na baba ni mama. Ukimsikia mtoto wa Itumbe anapiga kelele "baba!" usimtafute mwanamume.

Wafilipino walipata walimu wao kwa meli. Baada ya Hispania kuwatawala zaidi ya miaka 300, Marekani iliwachukua mwaka 1898, ikapigana nao vita vibaya sana, kisha mwaka 1901 ikawapelekea meli iitwayo Thomas ikiwa na walimu kama mia tano wa kuwafundisha Kiingereza. Ndiyo maana kasini wangu na dada wa Ilocos wanaweza kuongea hata kidogo leo: wote wawili wamekopeshwa lugha na mtu aliyewapiga kwanza.

*

Sasa turudi kwenye ukimya wa chumba.

Nilisoma Tarong yote kwa siku mbili, nikitafuta maagizo ya kumtumia kasini. Maagizo hayakuwepo, lakini kulikuwa na kitu kilichonifanya niache kula. Kule Tarong, jambo linalomshika mtu shingo ni aibu. Si aibu ya kufumaniwa tu. Ni ile hisia kwamba nafsi yako iko mikononi mwa watu wanaokutazama, na kwamba kumvua mwenzako nguo ya heshima hadharani ni kosa kubwa kuliko lile alilolifanya yeye. Waiilocano husema bain. Watagalog husema hiya. Na sisi? Sisi tuna chinsoni. Kila aliyeandika kuhusu Wakisii, kuanzia Mayer hadi LeVine, amekutana na chinsoni mlangoni: mtoto wa kiume aliyetahiriwa haingii chumba cha kulala cha wazazi wake, baba na mwana hawaongei mambo ya ngono, mkwe anakwepana na mkwe. Kwa babu na nyanya ndiko kuna ruhusa ya utani. Na usifikiri neno hilo ni la Kisii peke yetu. Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili sanifu utafute soni. Aibu. Haya. Watu wa Pwani walikuwa nalo wakaliacha likazeeka, sisi tukabaki nalo.

(Hiya na haya zinafanana kwa sauti. Haya yetu ni ya Kiarabu, ile yao ina kwao. Ni bahati tu, lakini nilipomwambia kasini alicheka mara ya kwanza baada ya wiki tatu.)

Kwa hivyo nikampigia. Nikamwambia: fikiria umemuuliza mama mkwe wako, mbele ya wageni, ni nani aliyeacha nywele kwenye sinki. Akanyamaza. Nikasikia mashine ya hewa. "Uwi," akasema, "bro, mimi nimekwisha."

Hakuwa amekwisha. Lakini hakuomba msamaha hadharani pia, na hilo nililipata si kwenye Tarong bali kwa wasomi wengine. Mwaka 1960 chuo cha Ateneo de Manila kilianzisha taasisi ya utamaduni wa Ufilipino, na mwanzilishi wake, kasisi Mmarekani Frank Lynch, aliandika sana kuhusu kile alichokiona kuwa kiini cha maisha ya Wafilipino: kupatana na watu bila misuguano. Pakikisama, kwenda na wenzako. Hiya. Utang na loob, deni la ndani ya moyo. Wakati huohuo vijana wa Kimarekani wa Peace Corps walikuwa wanamiminika Ufilipino, kuanzia 1961, na maneno hayo yakawa ndiyo darasa lao: ukitaka kurekebisha mtu, mtafute pembeni, ukitaka kukataa, usiseme hapana, sema nitajaribu, jambo zito likikushinda, tuma mtu wa katikati. Kasini akamtuma mtu wa katikati. Alikuwa Mfilipino wa chumba cha tatu, mwanamke wa makamo ambaye wote humwita ate, yaani dada mkubwa, hata wasio ndugu zake. Sisi si tunamwita kila mama wa rika hilo mama fulani? Ate akaongea na dada wa nywele, dada wa nywele akaacha biskuti juu ya mto wa kasini, na hakuna neno lililosemwa kuhusu sinki hadi leo.

*

Hapa ningeweza kusimama, na ningekuwa nimeandika mwongozo mzuri. Shida ni kwamba nimesoma pia jinsi miongozo inavyotugeuka.

Robert LeVine alikuwa mtazamaji makini, na alirudi Kisii miaka ya 1970, safari hii na Sarah LeVine. Kazi yao kuhusu akina mama na watoto wachanga, iliyotoka kama kitabu mwaka 1994, ndiyo maandishi ya kwanza ya mgeni kuhusu sisi ambayo niliyasoma nikamwona mama yangu. Walilinganisha akina mama wa Kisii na wa Boston. Wa Boston anamtazama mtoto machoni, anamwongelesha, anamchekesha hadi apige kelele. Wa Kisii akilia mtoto anamchukua haraka sana, anamnyonyesha, anamtuliza, lakini mtoto akianza kumkazia macho na kuchangamka, mama anageuza uso. Wamarekani wangesema hampendi. Akina LeVine walisema hapana: lengo lake ni mtoto aliyetulia na aliye salama, na macho kwa macho ni jambo zito kwa watu wenye chinsoni.

Lakini mtu huyohuyo, mwaka 1959, alichapisha makala kuhusu makosa ya ngono miongoni mwa Wakisii, akitumia kesi za mahakama za miaka michache tu, za wakati ambapo mahari ilikuwa imepanda hadi vijana wengi hawawezi kuoa. Makala hiyo ikanukuliwa na kunukuliwa. Kuna wanafunzi wa Marekani ambao kitu pekee walichowahi kujua kuhusu Wakisii ni hicho. Sisemi kesi zilikuwa za uongo. Nasema kijana wa Nyansongo wa mwaka 1956 hakupewa nafasi ya kusoma alivyoandikwa, na mjukuu wake amekuta jina lake limeshatumika.

Wafilipino walijibu. Virgilio Enriquez, mwanasaikolojia aliyesomea Marekani akarudi kwao, alianza katika miaka ya 1970 harakati ya saikolojia ya Kifilipino iliyofanywa kwa lugha ya Kifilipino. Hoja yake ilikuwa kwamba wageni walichukua maneno ya juujuu, yale yanayomhusu mgeni, wakayaita roho ya watu. Hiya, utang na loob, pakikisama: mgeni aliyaona kwa sababu ndiyo yaliyomsaidia kuishi vizuri nao na kufanikisha shughuli zake. Chini yake, alisema Enriquez, kuna kapwa: kumwona mwingine kuwa sehemu ya nafsi yako. Na ndani ya hiyo kapwa yamo pia mambo ambayo hayapendezi kwenye mwongozo, kama vile kujua lini pa kugoma.

Mimi na wewe tuko wapi hapo? Nilikuwa nimetuma ujumbe wa "Wafilipino wako hivi" kwa binti anayelala mita moja kutoka kwao. Kwa utafiti wa vitabu vya 1966 na makasisi. Kama mtu angemtumia yule dada wa Ilocos ujumbe wa "Wakisii wako hivi" kutoka makala ya 1959, angelala na mlango wazi kweli?

*

Mwezi wa sita baba yake kasini alifariki. Mlimjua kama mnywa chai wa pale sokoni. Mimi nilimwita baba mdogo. Kule Doha bosi hakukubali ruhusa, na hata angekubali, nauli ingekuwa deni juu ya deni. Tulizika Itumbe, nyuma ya nyumba, kama inavyotakiwa, na kasini akaona kwa simu iliyoshikwa na mdogo wake ambaye mkono ulikuwa unatetemeka. Mtandao ulikatika wakati wa kushusha jeneza. Uliporudi, udongo ulikuwa umeshaanza kuingia.

Ufilipino imekuwa ikituma watu wake nje kwa mpango wa serikali tangu sheria ya kazi ya Marcos ya mwaka 1974, na kila anayeondoka hupitishwa kwanza kwenye semina. Wamezika wengi kwa mbali. Mwaka 1995, Singapore ilipomnyonga mfanyakazi wa nyumbani Flor Contemplacion, nchi nzima ilisimama, na bunge likapitisha sheria mpya ya wafanyakazi wa ng'ambo mwaka huohuo. Sisi tulianza juzi. Serikali yetu ilizuia safari za Ghuba mwaka 2014 baada ya malalamiko, ikafungua tena 2017, na bado maiti hurudi na familia huambiwa ni moyo. Kwa hivyo wale dada watatu walijua la kufanya kuliko mimi, kuliko mwongozo wangu. Walisogeza vitanda. Waliweka picha ya baba mdogo, iliyochapishwa kwa printa ya kazini, juu ya kabati. Halafu wakaanza kusali usiku, na wakasali usiku tisa, kwa sababu kwao mfu hufanyiwa hivyo.

Kasini ni Msabato. Kwetu hatuwaombei wafu, wamelala, wanangoja. Usiku wa kwanza alinipigia akiwa ngazini, hajui aingie au akae nje. Sikuwa na jibu. Aliingia. Alikaa usiku wote tisa, kimya, mikono mapajani, akasema hakuwa anaomba nao, alikuwa anakaa nao tu. Ilocos wana neno ammoyo kwa kulimiana mashamba kwa zamu. Kisii wazee walikuwa na egesangio, leo kwako kesho kwangu. Sijui kama kuna neno la kukaa kimya kwa zamu.

Wale dada walichanga pia. Riali mia sita. Mwisho wa mwezi mshahara ulipotoka, kasini, kwa uaminifu wote wa mtu anayechukia madeni, akamrudishia ate mia sita kamili ndani ya bahasha. Ate akaiangalia, akaiweka mezani, akatoka nje. Nilipoambiwa nilimfokea, lakini kwa ukali ambao nilistahili mimi, kwa sababu hilo lilikuwa Kisii kabisa na sote tulilisahau. Daftari la matanga. Kila mchango wa Itumbe unaandikwa, jina na pesa, na hakuna mwendawazimu anayeenda wiki ijayo kumrudishia jirani mia tano yake. Unaliweka daftari. Siku yake ikifika, unatembea.

Kasini alichukua bahasha ile, akaenda dukani akanunua daftari la mistari, akaandika majina matatu.

*

Sasa yule wa Ilocos, mwenye chakula kilicholiwa, anasema Desemba mkataba wake ukiisha anataka kupitia Kenya kabla ya kurudi kwao. Anataka kuona chai inavyochumwa. Amemwomba kasini amwandikie mambo ya kujua, na kasini, bila aibu yoyote, amenipelekea mimi.

Nimeanza. Nimeandika kwamba asubuhi watu husema bwakire, na ajibu vivyo hivyo. Kwamba akikaribishwa chakula aketi mara ya kwanza, asingoje ya pili. Kwamba akimwona mama anamwangalia mtoto wake pembeni badala ya machoni, asimhukumu. Kwamba baba ni mama. Kisha nikakwama, nikafunga kompyuta, nikaenda Itumbe Jumamosi kumuuliza magokoro, kwa sababu safari hii nilitaka mtu wa nyumbani aulizwe kabla ya mtu wa nje kuandika.

Alikuwa anachambua mboga mlangoni. Nilimweleza yote, kisiwa, ndege, wali asubuhi mchana na jioni. Alifikiri kidogo, akachukua kishada kingine.

"Anakula chinsaga?" akauliza.

Nikamwambia sijui, ni chungu kwa asiyezoea.

"Basi mwambie nitaziweka maziwa zilale siku mbili. Na alale chumba cha wasichana. Hayo mengine ataona mwenyewe."